Fundi Aliyehamisha Sauti ya Tata

Mtu ninayetaka kumzungumzia hapa sikumwamini hata siku moja, na bado kila asubuhi ninapokwenda kukata mkungu wa ndizi nyuma ya nyumba yangu Buganguzi, najua kwamba bila yeye mkungu huo ungekuwa wa mtu mwingine. Mjini Bukoba aliitwa Fundi wa Kanda, au Fundi tu, kana kwamba mafundi wengine wote walikuwa wanacheza. Jina lake silitaji. Ukoo wake pia siuelezi, kwa sababu kila niliyemuuliza alinipa ukoo tofauti. Huyu alisema ni Mwislamu wa hapa hapa, mama yake Mhaya. Yule alisema babu zake walikuja na msafara kutoka pwani. Na mwenyewe ukimuuliza alijibu, "Mimi nimetoka chumba cha nyuma," akaendelea na kazi.

Kazi yake ilikuwa kuhamisha sauti. Siku hizi mtu anahamisha nyimbo mia kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye simu huku anakula, lakini wakati ule sauti ilikaa pale iliponaswa. Kwaya imerekodiwa kwenye mashine kubwa ya misheni, yenye kanda za magurudumu, nyumbani una redio kaseti: utaisikilizaje? Ndipo unampelekea Fundi. Aliziweka mashine mbili zikitazamana mezani, akaziunganisha kwa waya, moja ikaimba na nyingine ikasikiliza. Misa ya saa nzima ilihamishwa kwa saa nzima. "Mashine hazipendani," alikuwa akisema, "mimi ndiye mshenga." Na ukilalamika kwamba nakala haina nguvu kama ya kwanza, alikujibu kwamba sauti ni maji ya ndoo, huwezi kuyapandisha kilima yasimwagike kidogo.

Alikuwa na sharti moja. Mwenye kanda lazima akae kwenye benchi mpaka sauti yake imalize kuhama. Hakukubali umwachie kanda uende sokoni urudi. Kwa hiyo benchi lile lilikuwa na watu daima, na watu wale walisikia kila kitu: harusi za wengine, ugomvi wa wengine, salamu za mtu aliyeko masomoni kwa mke wake, na vicheko vya aibu vya huyo mke akijibu. Fundi naye alisikia vyote. Mtu aliyesikia mambo ya mji mzima, hasemi lolote, anakunywa kahawa yake na kukutazama tu, utamwaminije?

Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Mama alisema nilizaliwa nimefumbua jicho moja. Lakini miaka ile hata wenye mioyo myeupe walijifunza kushuku. Vilianza vita, na mgeni yeyote aliyeuliza njia akawa mpelelezi. Vita vikaisha, ukaja ugonjwa, ambao kwanza, kabla ya kuitwa ukimwi, tuliuita Juliana, jina la mashati yaliyovaliwa na vijana wa magendo waliokuwa wakifa nao. Hapo tukashuku vikombe, sindano, vinyozi, na kila shati lililoanza kumpwaya mwenyewe.

Askari wa Uganda walipovuka Mto Kagera, watu wa Bukoba walikimbia. Kwetu Buganguzi tuliwapokea na magodoro yao vichwani, tukalala watu wa nyumba tatu katika nyumba moja. Fundi hakukimbia. Waliorudi walimkuta ameketi mlangoni kwake na kikombe chake, redio inalia, ndevu amenyoa. Watu waliulizana: kwa nini hakuogopa? Alikuwa anamngoja nani? Yeye alijibu kwamba mashine zake hazina miguu. Vita vilipokwisha akaonekana na mashine kubwa ya magurudumu ambayo hakuna aliyewahi kuiona mjini. Wakati ule vitu vingi vilivuka mpaka bila kuulizwa vimetoka wapi, kwa hiyo na hiyo haikuulizwa, ila kwa pembeni.

Mashine ile ilikuja na kanda moja, na ndani yake mlikuwa na familia ya watu wa Uganda katika sherehe. Mzee anatoa hotuba kwa Kiganda, wanawake wanapiga vigelegele, mtoto analilia soda. Kanda tupu wakati ule zilikuwa adimu kuliko sukari. Fundi alifuta hotuba za viongozi bila huruma apate mahali pa kurekodia kwaya, alifuta hata maulidi ya msikiti wake mwenyewe. Kanda ile hakuigusa. Mchana kazi ikipungua aliiweka, akaisikiliza tangu mwanzo mpaka soda.

"Unawajua hawa?" nilimuuliza siku moja.

"Siwajui. Nao hawanijui."

"Sasa mbona huwafuti?"

"Nikiwafuta, mwalimu, watakuwa wamekwenda wapi?"

Nilikuwa nafundisha shule ya msingi upande wa Kashozi, na ndiyo maana nilimjua. Kwaya yetu ilimpelekea kanda mara kwa mara. Alizijua nyimbo zetu za Kikatoliki kuliko baadhi ya waimbaji, na mwimbaji wa sauti ya nne akikosea alimrekebisha, kisha akaondoka kwenda kuswali. Akirudi alituigiza. Hilo nalo lilikuwa kipaji chake: alimwiga paroko wetu, aliwaiga wauza samaki, alimwiga mama mkwe wake hata mkewe akaja mbio kutoka jikoni. Siku moja sokoni aliwasemesha polisi wawili kwa nyuma kwa sauti ya mkubwa wao, wote wakasimama wima, mmoja akaangusha muwa aliokuwa anautafuna. Tulicheka sana. Nyumbani nikafikiri: mtu mwenye mashine zile na koo lile anaweza kumfanya mtu yeyote aseme jambo lolote.

Kulikuwa na mashine ya tatu, iliyofunikwa kitambaa. Haikuguswa wala kuunganishwa na waya, lakini kila alipoanza kazi aliipapasa kidogo kwa juu. Benchi zima liliamini kwamba mashine hiyo ndiyo inayonasa maneno yetu kwa ajili ya serikali. Ulipofika wakati wa kuwasaka walanguzi, mgambo waliingia, wakavuta kitambaa, wakaifungua kwa nyuma. Haikuwa na utumbo. Mlikuwa na miche ya sabuni na mfuko wa sukari. Walimchukua kwa kelele asubuhi, na alasiri akarudi peke yake, anatembea polepole, anasalimia watu. Mlanguzi anarudi siku ile ile? Waliokuwa na wasiwasi wakasema, si tuliwaambia, huyu ni mtu wao. Baadaye sana nilisikia kwamba ofisa mmoja pale kituoni alikuwa na kanda ya harusi ya binti yake ambayo umeme ulikatika kabla haijamaliza kuhama, na Fundi alikataa kabisa kueleza imefika wapi. Huenda ni kweli. Lisemwalo lipo, na la Fundi daima lilikuwapo kwa namna mbili.

Ugonjwa ulipozidi, kwaya yetu iligoma kuimba kwenye kipaza sauti chake. Walisema pumzi za wagonjwa zimebaki ndani, maana wagonjwa walianza kwenda kwake kwa wingi. Walikuja wakiwa wameshikwa mikono, wakakaa kwenye benchi, na benchi likawa lao peke yao. Walitaka kuacha sauti: huyu anawaambia watoto wake wasome, yule anamwomba kaka yake msamaha wa ng'ombe. Fundi hakubishana na kwaya. Alichana kipande cha kanga ya mkewe, akakishonea kipaza sauti kofia, na baada ya kila kwaya akaichemsha ile kofia kwenye sufuria mbele ya watu wote. Basi tukaimba. Lakini nilimwona kwa macho yangu mgonjwa akiingia, yeye akaivua kofia ile, akakishika kipaza sauti mwenyewe karibu kabisa na midomo ya mgonjwa.

"Fundi, sisi wazima unatuwekea kitambaa, na huyu unamwondolea?"

"Kitambaa hula maneno," alisema. "Nyinyi mnayo mengi."

Na jambo alilojivunia kuliko yote ni kwamba hakati. Harusi moja ya Kishanda, anakotoka mama yangu, iliingiwa na ugomvi wa mbuzi katikati ya hotuba, matusi yakanaswa yote. Bwana harusi alimsihi ayatoe wakati wa kuhamisha, abonyeze tu mashine isimame kidogo kisha iendelee. Fundi alimrudishia kanda yake. "Mimi mpagazi," alisema, "si mshonaji. Mzigo ninaufikisha ulivyo." Kikohozi, mlango kulia, jogoo, vyote alivihamisha. Watu waliokuwa wanamshuku kwa mengine yote walimwamini kwa hilo. Mimi peke yangu sikumwamini hata kwa hilo, na nina sababu.

Tata, yaani baba yangu, alikuwa mchuuzi wa samaki. Alishuka mwaloni, mitumbwi inapotia nanga, akavuka ziwa kwenda visiwani, akakaa huko wiki kadhaa kati ya wavuvi waliotoka kila upande, akarudi na dagaa na samaki wakavu. Miaka yake ya mwisho alikaa visiwani zaidi kuliko nyumbani. Halafu akarudi moja kwa moja, amekonda, na mama akamuuguza bila kuuliza swali. Mama hakuugua. Majirani walilishangaa hilo waziwazi kuliko walivyoshangaa ugonjwa wenyewe.

Kwa mila zetu mwenye kibanja, yaani shamba la migomba na nyumba iliyomo, hufa amemtaja mrithi wake, musika. Tata alikuwa na mimi tu, binti, na kibanja chetu kina makaburi ya ukoo ndani yake; hakiendi kwa binti hivi hivi. Asipotaja neno, kingemwendea baba mdogo, na mama angerudi kwao Kishanda na sufuria zake. Mkono wa tata haukuweza tena kushika kalamu, na wazee wa ukoo walikuwa wametawanyika, hivyo mama aliazima redio kaseti ya katekista, tata akazungumza ndani yake. Mimi nilikuwa Kashozi nafundisha. Betri zilikuwa kuukuu, zimeanikwa juani mara nyingi zipate nguvu kidogo, kama tulivyofanya wote. Nilifika kumzika tu.

Siku ya kumaliza matanga ukoo ulikaa. Baba mdogo, kwa heshima ya marehemu au kwa haraka yake mwenyewe, alikuwa amenunua betri mpya. Mama akaweka kanda. Iliyotoka si sauti ya tata. Ilikuwa sauti nyembamba, inakimbia, ya mtoto anayekimbizwa, hakuna hata neno moja lililoshikika. Watoto wakacheka na wakapigwa vibao.

"Kaka yangu alikuwa na sauti ya ngoma," alisema baba mdogo. Akamgeukia mama. "Huyu ni nani umemweka humu?"

"Ni yeye, waitu," mama alimjibu kwa heshima. "Nilikuwa nimemshikilia mgongo akisema."

"Mimi simjui huyu."

Mama alipiga magoti mbele ya wazee. Wazee wakanong'ona, wakasema hawawezi kugawa kibanja kwa kusikia kelele za panya. Kama kanda ina maneno ya marehemu, iletwe kikao kijacho ikizungumza kama mtu mzima. La sivyo kibanja kitafuata njia yake. Jioni hiyo nilimwona baba mdogo anapita katikati ya migomba yetu akigusa mashina.

Tukaenda Bukoba, mimi na mama. Fundi alisikiliza kidogo, akacheka mpaka nikaudhika. Akaeleza kwamba mashine iliyomnasa tata ilikuwa inakufa njaa. Betri zikiwa dhaifu kanda hujikokota, na ukija kuicheza kwenye mashine iliyoshiba, inakimbia. Maneno ni yale yale, mwendo ndio umebadilika. Akafungua mgongo wa mashine yake, akaingiza bisibisi nyembamba kwenye skrubu ndogo ya mota, akaanza kuizungusha. Sauti ikashuka. Kutoka mtoto ikawa mwanamke, kutoka mwanamke ikawa kijana.

"Sasa nisimame wapi?" aliuliza. "Mimi sikumjua marehemu."

Mama alinyanyua mkono. "Bado," alisema. "Bado." Sauti ikazidi kushuka. Mimi ningemwambia asimame, kwa sikio langu tata alikuwa amekwishafika, lakini mama aliendelea kusema bado. Kisha mkono ukaanguka magotini, na tata alikuwa chumbani mle anawasalimia wazee wa ukoo.

Fundi akasimamisha kanda. Akanitazama. "Mwalimu, nenda kaninunulie betri."

"Za nini? Si unatumia umeme?"

"Umeme wa Bukoba unauamini wewe?"

Nikaenda. Mvua ikanyesha, mvua ya Bukoba isiyoomba ruhusa, ikanifungia kwenye kibaraza cha duka. Niliporudi kila kitu kilikuwa kimekwisha. Nakala ilikuwa tayari mezani. Mama alikuwa amejifunika uso kwa kanga, na Fundi alikuwa anafuta vumbi lisilokuwepo kwenye mashine, hanitazami. Mtu yule yule aliyewalazimisha watu wote wakae mpaka mwisho alikuwa amenitoa mimi. Nikauliza kanda ya kwanza iko wapi. Mama akasema anayo. Ilikuwa imefungwa kwenye pindo la kanga, na sikuiona tena mpaka tulipofika nyumbani, nikanusa moshi mbaya wa plastiki kutoka jikoni.

Kikao kilisikiliza. Tata alizungumza kwa sauti yake ya ngoma, polepole. Shangazi yake mzee, aliyekuwa haoni vizuri, alimwitikia kila sentensi kana kwamba yuko mlangoni. Tata aliwasalimu wazee, akaomba radhi kwa aliowakosea, akasema juu ya mbuzi, akakohoa. Kisha akasema: "Mke wangu na binti yangu wasiondolewe katika kibanja hiki." Baada ya hapo mara moja akaanza kusali. Baba mdogo aliinama. Alipoinua kichwa alisema, "Ni yeye," na kusema kweli nilimhurumia.

Tukabaki. Ndizi zikawa zetu, kahawa ikawa yetu, makaburi tukayapalilia. Lakini mimi niliichukua kanda ile na kuisikiliza mama anapokwenda misa. Tata hakuwa mtu wa maneno machache. Tata alizunguka jambo kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba ya wengine, na sentensi ile ya kibanja ilikuwa fupi, safi, haina hata kikohozi. Kisha ile sala inaingia ghafla. Nikaikumbuka sauti ya Fundi sokoni, na polisi waliosimama wima. Je, tunakaa katika kibanja tulichopewa na tata, au tumepewa na koo la mtu wa mjini? Siku moja nilimuuliza mama kilitokea nini nilipokuwa nimefungiwa na mvua.

"Una nyumba," alinijibu. "Unataka nini tena?"

Mama aliishi maisha marefu. Tulimzika karibu na tata, na baba mdogo, mzee sasa, alisimamia kaburi. Miaka ikapita. Mara kwa mara watu waliotoka Bukoba waliniletea salamu: Fundi anasema upite. Nilizipokea salamu, sikupita. Mtu anayekuita bila kusema anachotaka, anataka kitu.

Kilichonipeleka mwisho ni kanda yenyewe, ambayo ilianza kukwaruza. Nilimpelekea mwanamke mmoja mwenye studio karibu na soko la Bukoba, anayetengeneza matangazo ya harusi na misiba. Aliingiza kanda kwenye kompyuta moja, kisha akaihamishia kwenye kompyuta nyingine yenye programu anayoipenda zaidi, na tata akatoka tena na sauti ya mtoto anayekimbizwa. Nilishika kiti. Mwanamke akaomba radhi, akasema programu mbili hizi hazihesabu sawa, akabonyeza mahali, tata akarudi kuwa mtu mzima. Kwenye kioo sauti yake ilikuwa mchoro, vilima na mabonde. Yule mwanamke akasogeza uso.

"Mama, hii imekatwa."

"Wapi?"

"Hapa, kabla ya sala. Sikiliza mvumo wa nyuma. Unakatika, halafu unaanza upya. Mtu alisimamisha mashine."

Nilitoka pale bila kuchukua hata mwavuli wangu, nikaenda moja kwa moja kwa Fundi.

Nilimkuta katika chumba kile kile. Mashine hazikuwepo, mezani palikuwa na chaja za simu na kikombe. Amekuwa mdogo, shingo imelegea ndani ya kanzu, lakini macho ni yale.

"Mwalimu wa Buganguzi," alisema. "Umechelewa sana."

Sikukaa. "Nimekuja kuuliza jambo moja. Ile sentensi ya kibanja, aliisema tata au uliisema wewe?"

Alinitazama, na alipoelewa alicheka mpaka akashika kifua. "Yaani miaka yote hii ulidhani nimemtia baba yako maneno mdomoni?"

"Pale pamekatwa. Nimepaona kwa macho yangu."

"Pamekatwa, ndiyo." Kicheko kiliisha. "Mara moja tu katika kazi yangu. Sikuongeza neno, mwanangu. Nilipunguza."

Akaniambia kwamba nilipotoka kununua betri waliisikiliza kanda mpaka mwisho, yeye na mama. Mama alijua kilichomo, alikuwa amemshikilia tata mgongo akisema. Ndiyo maana Fundi alinitoa, baada ya mama kumkonyeza. Baada ya sentensi ya kibanja tata aliendelea. Alisema ana mtoto wa kiume kisiwani, bado mdogo. Kwamba mama wa mtoto naye ameanza kukonda. Kwamba mtoto huyo ndiye musika, aletwe nyumbani, mke wake amlee.

"Mama yako alipiga magoti hapo uliposimama. Nikamwambia, bibi, mimi sikati. Akasema, huyo mtoto akija atakuja na watu wa mama yake, na mimi nitakwenda wapi? Nilimtazama. Wiki ile nilikuwa nimerekodi wagonjwa wengi, na kila mmoja ana mjane. Nikaweka kidole."

"Mbona hakuniambia mwenyewe?"

"Alisema ungemchukia. Alitaka azikwe na mtu anayempenda. Akaniapisha: yeye akishaondoka, nikwambie. Tangu niliposikia tanzia yake nimekutumia salamu, mwalimu. Salamu ngapi?"

Hata hapo nilishuku. Nilimwambia kwamba yeye ni mwigaji, anaweza kutunga kanda nzima papo hapo. Nitajuaje?

Fundi hakukasirika. Alitaja jina ambalo tata alimpa mtoto.

Lilikuwa jina la babu yangu mzaa baba. Si lile la ubatizo ambalo kila mtu alilijua. Lilikuwa lile la nyumbani, ambalo hata kwenye msalaba wa kaburi halikuandikwa, na ambalo kwetu hupewa mtoto mmoja tu, yule anayetazamiwa kukaa katikati ya kibanja. Mtu wa mjini hakuwa na mahali pa kulipata isipokuwa kinywani mwa tata.

Nikakaa. Nililia, sikumficha. Nina ndugu, au nilikuwa naye, na nimekula ndizi zake miaka yote hii.

"Kisiwa gani?" nilimuuliza.

Fundi alitazama meza mahali mashine zilipokuwa.

"Alikitaja," alisema. "Alikitaja vizuri kabisa. Mwanangu, nimekisahau."

Nikaanza kumtajia visiwa vyote ninavyovijua, kimoja kimoja, taratibu, naye kwa kila kimoja alifumba macho, akasikiliza, akatikisa kichwa.